Sungura na Liyongo

Tarehe 1 Juni 2019 rambo ilipigwa marufuku Tanzania. Kwa msomaji asiye wa kwetu, rambo ni ule mfuko mwembamba wa plastiki tuliotiliwa nyanya sokoni, na mkate wa asubuhi, na sukari ya robo kilo; upepo ukiuchukua, ulikwenda kunasa kwenye miba ya michongoma na kubaki hapo hadi urushwe na upepo mwingine. Watoto wengi waliuita hivyo bila kujua kwamba jina lile lilikuwa la mtu, mwanajeshi wa kwenye picha, mwenye kitambaa chekundu kichwani na kisu kirefu kiunoni. Septemba ya mwaka huo huo, mifuko ikiwa imekwisha kuondolewa madukani, ikatoka filamu ya tano ya mtu huyo, Rambo: Last Blood. Sylvester Stallone alikuwa na umri wa miaka 73.

Niliitazama usiku, peke yangu, na nilitaka sana kuipenda. Mimi ni wa kizazi cha kibanda umiza: mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni la kuzuia mwanga, joto la kukamua shati, na juu ya meza televisheni moja na deki yake. Humo ndimo nilimokutana na Rambo, na sikukutana naye mwanzoni mwa hadithi yake. Mkanda uliokuwapo ulikuwa wa picha ya pili, ile ya 1985, anaporudishwa Vietnam kutafuta mateka wa vita. Hakuna aliyeuliza ya kwanza iko wapi. Tulijua kanuni moja tu, na kanuni hiyo ilitutosha: steringi hafi.

Ya kwanza niliiona nikiwa mtu mzima, na ilinishangaza. First Blood ya 1982 si picha ya vita. Mwanajeshi aliyerudi kutoka Vietnam anatembea kwa miguu kwenda kumsalimia rafiki yake wa kikosini, anaambiwa rafiki amekufa kwa saratani iliyotokana na sumu walizomwagiwa kule vitani. Anaingia katika mji mdogo akitaka chakula, na mkuu wa polisi wa hapo anamfukuza kwa sababu nywele zake ni ndefu na koti lake limechakaa. Katika filamu nzima anakufa mtu mmoja tu, na huyo anaanguka kutoka kwenye helikopta. Mwishoni Rambo analia kifuani mwa kamanda wake wa zamani kama mtoto aliyepotea sokoni. Nilijiuliza mtu huyu aliwezaje kugeuka yule tuliyemshangilia.

Jibu liko katika mwisho uliobadilishwa. David Morrell, aliyetunga riwaya ya First Blood mwaka 1972, alimuua Rambo katika kurasa za mwisho. Waandaaji wa filamu nao walipiga picha za mwisho wa namna hiyo, Rambo akifa. Watazamaji wa majaribio hawakuupenda. Ukatupwa, ukawekwa mwisho ambamo anatoka akiwa hai. Filamu nne zilizofuata zote zilizaliwa na kaburi lile ambalo halikuchimbwa.

Ndiyo maana nikifikiria filamu za mfululizo, lini ziendelee, lini zipumzike, lini zisukwe upya, huwa naanza mbali kidogo na Hollywood. Naanza na mashujaa wawili wa kwetu.

Wa kwanza ni Fumo Liyongo. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliuandika utenzi wake mwaka 1913, lakini habari zenyewe zilikuwa midomoni mwa watu wa pwani muda mrefu kabla ya hapo. Liyongo ni jitu, bingwa wa upinde na wa ushairi, mtu ambaye silaha haimpati ila kitu kimoja, sindano ya shaba ichomwe kitovuni. Siri hiyo anamfichulia mwanawe mwenyewe, na mwanawe, aliyeahidiwa makubwa na mfalme wa Pate, anamchoma usingizini. Liyongo anatoka na upinde wake, anapiga goti karibu na kisima, anatia mshale, na katika hali hiyo roho inamtoka. Watu wanaogopa kuteka maji. Siku zinapita, wanamtazama kwa mbali, hawajui kwamba wanaogopa maiti. Ondoa sindano ile, Liyongo hana hadithi. Kifo chake ndicho nguzo iliyobeba paa.

Wa pili ni Sungura. Bibi yangu alikuwa na Sungura mpya kila usiku. Jana Simba alimkamata mguu, Sungura akacheka akamwambia umeshika mzizi, Simba akaachia. Leo hii yuko kisimani anawahadaa wanyama wengine. Hazeeki, hana mke wa kudumu, hakumbuki ya jana, na hakuna mtoto aliyewahi kuuliza mbona juzi alipigwa mikwaju na leo hana hata kovu. Sungura ni umbo lenye njaa na ujanja, na kila msimulizi analijaza kwa anachokiona kijijini mwake mwaka huo. Mavuno yakiwa mabaya, Sungura anaiba akiba ghalani. Chifu akiwa mkali, Simba anapewa sauti ya chifu.

Sungura unaweza kumrudisha vizazi na vizazi. Liyongo ukimrudisha baada ya sindano, unaharibu hata ile hadithi nzuri uliyokwisha kuisimulia. Naamini makosa mengi ya filamu za mfululizo yanatokana na watu wenye fedha kumshika Liyongo wakidhani wamemshika Sungura.

Rambo ni Liyongo. Ana historia, ana vita moja iliyomvunja, ana umri. Picha ya pili ilimgeuza kuwa mshindi wa vita ambayo nchi yake ilishindwa, na kwa hilo ilipata fedha nyingi. Ya tatu ikampeleka Afghanistan kupigana na Warusi. Ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 25 Mei 1988, nayo majeshi ya Kisovieti yalikuwa yameanza kuondoka Afghanistan tarehe 15 Mei. Siku kumi! Ilikuwa miongoni mwa filamu ghali kuliko zote zilizokuwa zimetengenezwa hadi wakati huo, na vita iliyokuja kuipigana ilikuwa inafunga virago. Baada ya hapo alipumzishwa miaka 20, akarudi 2008 katika misitu ya Burma, kisha 2019 akiwa mzee mwenye ranchi anayewaua wahalifu wa Mexico kwa mitego ndani ya mahandaki. Morrell, baba yake wa kalamuni, alisema hadharani kwamba filamu hiyo ya mwisho inamtia aibu kuhusishwa nayo. Nami nilipoizima usiku ule nilihisi kama niliyemwona mtu ninayemheshimu akicheza ngoma kwa kulipwa. Yule kijana aliyelia mwaka 1982 alistahili kulala.

Mnyama wa Kijapani aitwaye Godzilla ndiye Sungura wangu, na kwake nitakaa zaidi, kwa sababu yeye ameendelezwa, amepumzishwa, na amesukwa upya mara nyingi kiasi kwamba maswali yote ya sura hii yamekwisha kujaribiwa mgongoni mwake.

Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika visiwa vya Bikini, Bahari ya Pasifiki. Mashua ya wavuvi wa Kijapani, Daigo Fukuryu Maru, yaani Joka la Bahati Namba Tano, ilikuwa inavua jodari nje ya eneo lililokatazwa. Majivu meupe yakawanyeshea wavuvi wote 23. Mwendesha redio wao, Aikichi Kuboyama, alifariki Septemba. Tarehe 3 Novemba mwaka huo huo filamu ya Godzilla ikaanza kuonyeshwa, na inaanza na mashua inayoteketea baharini kwa mwanga usioelezeka. Hakuna mtazamaji wa Kijapani aliyehitaji kufafanuliwa. Mwongozaji, Ishiro Honda, alikuwa amepita Hiroshima akirudi kutoka vitani China. Kuna mahali katika filamu ile mama amewakumbatia wanawe barabarani, mji unawaka, naye anawaambia kwamba karibu watakwenda kuungana na baba yao. Mnyama mwenyewe ni mtu ndani ya vazi zito la mpira akikanyaga nyumba za kuchezea, na bado huwezi kucheka.

Naye alikufa katika filamu hiyo ya kwanza. Mwanasayansi aitwaye Serizawa anamuua chini ya bahari kwa silaha aliyoibuni, kisha anakata kamba yake ya hewa afe pamoja na ujuzi wake, asije mtu akaitumia tena. Msomaji makini atasema basi huyu ni Liyongo. Lakini anayekufa kifo chenye maana pale ni Serizawa. Godzilla hana jina la baba wala kisasi cha nyumbani. Ni sura ya kitu kinachoogopwa, na kabla filamu haijaisha profesa mzee anaonya kwamba majaribio ya mabomu yakiendelea, atatokea mwingine. Wasiwasi wa watu ukibadilika, Godzilla anabadilika nao.

Ila kampuni ya Toho haikungoja watu wapate wasiwasi mpya. Mwendelezo ulitoka mwaka 1955, hata mwaka haujatimia. Mwaka 1962 akapiganishwa na King Kong. Kufikia mwisho wa miaka ya 60 alikuwa rafiki wa watoto, mlinzi wa Japani dhidi ya madubwana mengine, na katika filamu ya 1973 anaruka hewani na kumpiga adui teke la miguu miwili kama mwanamieleka. Sisemi zilikuwa mbaya zote. Mtoto niliyekuwa angezishangilia zote. Lakini zilikuwa filamu 15 katika miaka 21, na ya kumi na tano, mwaka 1975, haikuuza hata tiketi milioni moja, ingawa Honda mwenyewe ndiye aliyeitwa aje kuiongoza. Msimulizi alikuwa yule yule. Kilichokosekana ni jambo la kusimulia.

Akapumzishwa miaka tisa. Aliporudi Desemba 1984, filamu ilifanya jambo la ujasiri ambalo siku hizi tumelizoea: ilizifuta zote zilizofuata ile ya kwanza, ikaendelea kana kwamba tangu 1954 hajaonekana tena. Na ilikuwa na jambo. Marekani na Urusi zilikuwa zimeelekezeana makombora, na Japani imekaa katikati. Katika filamu, wajumbe wa mataifa hayo mawili wanamshinikiza waziri mkuu wa Japani akubali bomu la nyuklia lipigwe Tokyo ili mnyama auawe. Anakataa. Huyo ni Sungura aliyevaa nguo za mwaka wake.

Mfululizo huo wa pili uliisha 1995, moyo wake wa nyuklia ukipata joto hadi akayeyuka mbele ya watazamaji, makusudi, ili awapishe Wamarekani waliokuwa wamepewa ruhusa ya kutengeneza wa kwao. Wa kwao alitoka 1998 chini ya Roland Emmerich: mjusi mkubwa anayekula samaki, anayetaga mayai katika ukumbi wa michezo wa New York, na anayeuawa kwa makombora ya kawaida ya ndege za kivita. Walichukua jina wakaacha hofu. Majaribio ya nyuklia yalitajwa, na hatia yake ikatupiwa Wafaransa. Toho walichukizwa kiasi kwamba walimpa mnyama yule jina jipya, Zilla, na mwaka 2004 wakamweka katika filamu yao wenyewe, ambamo Godzilla wa kweli anamaliza kazi naye ndani ya sekunde chache.

Filamu hiyo ya 2004, Final Wars, iliadhimisha miaka 50, ikaporomoka kibiashara, na Toho wakafunga duka. Lile bwawa kubwa la studio, ambamo kwa miongo kadhaa walikuwa wameigiza bahari kwa mawimbi ya kutengenezwa na meli za kuchezea, likabomolewa.

Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko lilitikisa pwani ya kaskazini mashariki ya Japani, tsunami ikafuata, na mitambo ya nyuklia ya Fukushima ikaanza kuyeyuka. Serikali ilikwenda na kurudi, mkutano baada ya mkutano. Mwaka 2016, baada ya miaka 12 bila Godzilla wa Kijapani, Hideaki Anno na Shinji Higuchi wakatoa Shin Godzilla. Sehemu kubwa ya filamu hiyo ni mikutano. Mawaziri wanahama chumba hadi chumba, wanasubiri mhuri, wanauliza ni wizara gani inayohusika na mnyama anayetoka baharini, na huku nje mnyama anazidi kukua. Wanamshinda kwa malori ya pampu, wakimwingizia dawa ya kumgandisha, picha inayofanana mno na malori yaliyopoza mitambo ya Fukushima. Na hafi. Anasimama ameganda katikati ya Tokyo, mrefu kama maghorofa, na watu wanatakiwa waendelee kuishi chini yake bila kujua lini ataamka. Nilipoona picha ile ya mwisho nilimkumbuka Liyongo pale kisimani na upinde wake, na wanawake wenye mitungi wamesimama mbali. Watunzi wa Tokyo hawakuwa na Pate akilini. Lakini woga wa kuchota maji mbele ya kitu kilichonyamaza ni ule ule.

Miaka 12 ile haikupotea. Toho wangeendelea kutoa filamu kila mwaka, 2011 ingewakuta na mnyama aliyechoka, aliyetembezwa kila pahali, na hakuna ambaye angemwona kama sura ya msiba wao. Mkulima anayeacha shamba lipumzike hafanyi hivyo kwa uvivu, na sijui kwa nini jambo ambalo kila mwenye jembe analielewa ni gumu hivyo kuelezwa katika vyumba vya bodi.

Kuna mapumziko mengine ambayo hayakupangwa na mtu. George Miller alikuwa daktari Australia, akiwatibu majeruhi wa ajali za barabarani, kabla ya kutengeneza Mad Max mwaka 1979 kwa fedha kidogo. Zikafuata nyingine mbili, 1981 na 1985. Kisha kimya cha miaka 30. Si kwamba hakutaka. Alikuwa na wazo la filamu ya nne tangu miaka ya 90: msafara mmoja wa kukimbizana mwanzo hadi mwisho, na kinachogombaniwa kiwe binadamu badala ya mafuta, wanawake waliotoroka kutoka kwa mtawala anayewamiliki. Mashambulizi ya Septemba 2001 yakaangusha dola na bajeti ikaporomoka nayo. Vita ya Iraq ikaleta vikwazo vyake. Walipokuwa tayari kupiga picha katika jangwa la Broken Hill, mvua ikanyesha isivyo kawaida na jangwa likachanua maua. Mwisho wakahamisha magari yote Namibia, na mwaka 2012 wakapiga picha katika Jangwa la Namib.

Fury Road ilitoka 2015 ikapata tuzo sita za Oscar. Max mpya, Tom Hardy, alizaliwa miaka miwili tu kabla ya filamu ya kwanza kutoka, na hakuna mtu ndani ya filamu anayesumbuka kueleza kwa nini uso umebadilika. Haikuhitajika. Miller alikuwa amekwisha kutuonyesha mwaka 1981 kwamba Max ni mtu wa kusimuliwa: filamu ile ya pili inasimuliwa na mzee aliyekuwa mtoto wakati Max anapita. Ni Sungura wa barabarani. Na miaka 30 ilikuwa imeleta jambo la kusimulia. Mtawala wa Fury Road anakaa juu ya mwamba, anafungulia maji kwa dakika chache yamwagikie umati wenye ndoo na masufuria, kisha anayafunga na kuwaonya wasije wakayazoea. Mtu yeyote aliyewahi kupanga ndoo bombani tangu alfajiri anaielewa filamu hiyo kuliko wahakiki wengi walioiandikia.

Yapo yanayonipinga, na ni ya kweli. Godzilla wa Kimarekani wa sasa, anayeshirikiana na Kong kupiga madubwana, hana hofu ya nyuklia wala Fukushima, na filamu yake ya 2024 iliingiza zaidi ya dola milioni 570. Spider-Man ameanzishwa mara tatu ndani ya miaka 15, 2002, 2012 na 2017, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba studio yenye haki isingeendelea kutengeneza ingezipoteza. Mkataba ndio uliosimulia. Hata hivyo mwaka 2021 waigizaji wote watatu wakawekwa katika filamu moja na dunia ikafurika kumbini. Nilikuwamo. Mbele yangu alikaa mtoto wa miaka kama tisa, na kwake hakukuwa na marudio yoyote. Kila kitu kilikuwa kinatokea kwa mara ya kwanza. Siwezi kumwambia mtoto huyo kwamba amekuja kwa kuchelewa. Mimi mwenyewe nilianza na Rambo wa pili.

Na pale kibandani tulikuwa na mtu aliyesuka upya kila picha bila ruhusa ya studio yoyote. Lufufu wa Dar es Salaam aliweka sauti yake juu ya filamu za kigeni, akitafsiri, akifafanua, akiongeza la kwake pale Waingereza na Wachina waliponyamaza. Wenye haki wangemwita mwizi. Mimi naona alikuwa anafanya alichofanya bibi yangu: kuuliza hadithi hii inamhusu nini mtu aliyekaa hapa, kwenye benchi hili. Ukilinganisha na Psycho ya 1998, ambayo ilirudia ile ya 1960 karibu picha kwa picha ikabadilisha waigizaji na kutia rangi, Lufufu ndiye aliyekuwa na sababu ya kufungua kinywa. Kurudia kilichokwisha kukamilika ni kazi bure. Kurudia kilichokosewa kuna faida: The Maltese Falcon ambayo kila mtu anaikumbuka, ya 1941, ilikuwa mara ya tatu kwa riwaya hiyo kutengenezewa filamu ndani ya miaka kumi, na hizo mbili za kwanza hazitajwi sana.

Nasi tulipopata filamu zetu wenyewe tulianguka katika shimo hili mapema. Miaka ile ya DVD za Bongo, hadithi ya saa moja na nusu ilivutwa hadi saa tatu, ikakatwa katikati, ikauzwa kama sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Nilizinunua. Kulikuwa na gari linaloegeshwa kwa dakika nzima, mtu anapanda ngazi polepole, simu inaita muda mrefu. Waigizaji walikuwa na vipaji vikubwa, na nawaonea uchungu hadi leo kwamba vipaji hivyo vilitumika kujaza diski. Sehemu ya pili iliamuliwa na kikokotoo cha muuzaji kabla mwandishi hajajua mwisho wa hadithi yake.

James Bond ni kisa kigumu zaidi, nami bado nabishana nacho. Kwa miaka 40 alikuwa Sungura mtupu. Waigizaji watano walipokezana suti na hakuna aliyezeeka. Kuanzia 2006 waandaaji walimpa Daniel Craig maisha: akapenda, akafiwa, akachoka, akazaa mtoto, na mwaka 2021 akafa kwa makombora kisiwani. Wakamfanya Liyongo. Kisha maandishi ya mwisho yakatokea kama kawaida, yakiahidi kwamba James Bond atarudi. Nilikuwa na machozi, na ahadi ile iliyakausha ghafla. Sasa haki za uamuzi ziko mikononi mwa Amazon, na mwongozaji mpya, Denis Villeneuve, ametangazwa. Ombi langu kwao ni moja: wasitueleze alivyonusurika. Waanze na mtu mwingine mwenye jina hilo, kama bibi alivyoanza kila jioni, na marehemu wamwache pale kisiwani.

Tarehe 3 Novemba 2023, siku na mwezi ule ule wa filamu ya kwanza, Toho walitoa Godzilla Minus One. Takashi Yamazaki alimrudisha mnyama nyuma kabisa, 1945, mbele ya rubani aliyetumwa akajilipue na ndege yake na ambaye, kwa kutaka kuishi, alisingizia kwamba imeharibika. Nchi imeteketea, jirani anamlaumu kwa kurudi hai, na hapo ndipo kitu kinatoka baharini. Filamu ya 1954 haikuweza kumsimulia mtu huyo. Kidonda kilikuwa kibichi mno. Waliokuwa wamekaa kumbini ndio waliompoteza kaka au mume. Ilibidi miaka karibu 70 ipite ndipo mtu aweze kusimama katika sinema ya Kijapani na kusema kwamba kuchagua kuishi hakukuwa aibu.

Bajeti yake iliripotiwa kuwa chini ya dola milioni 15, na wasanii 35 ndio waliotengeneza picha zote za kompyuta. Machi 2024 walipewa Oscar ya madoido ya picha, ya kwanza katika historia ya Godzilla, na wakapanda jukwaani wameshika vinyago vidogo vya mnyama wao. Mmoja wa wanne waliopokea tuzo hiyo, Tatsuji Nojima, alikuwa bado hajafikisha miaka 30. Alikuwa na mazoea ya kuunda maji kwenye kompyuta kwa kupenda kwake tu, mawimbi, povu, bahari inavyopasuka kitu kizito kikiinuka kutoka chini. Yamazaki alipoyaona maji hayo, aliongeza bahari katika filamu. Wakati lile bwawa la studio linabomolewa, Nojima alikuwa mtoto mdogo.